Mbwa Aliyelijua Koti

Baba alikuwa na mbwa asiye na jina. Alimwita kwa mluzi: milio miwili mifupi, kisha mmoja mrefu unaopanda kama swali. Mbwa alitokea popote alipokuwa, kwenye mahindi, chini ya ghala, ng'ambo ya ua kwa jirani, nyasi zimemnasa kifuani penye lile baka jeupe. Mimi sijui kupiga mluzi. Niliutambua upungufu huo asubuhi ya kwanza tuliyobaki wawili, nilipotoka na sufuria ya ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa omena, nikasimama uani, nikagundua kwamba sina namna ya kumwita.

Nilisema, "Wewe." Sauti ilisikika kubwa mno katika boma lile tupu. Mbwa alikuwa amelala kando ya kaburi la baba, hatua kumi kutoka niliposimama. Aligeuza sikio moja. Kichwa hakukigeuza.

Mama alitangulia zamani. Ndugu zangu walirudi kazini juma lile lile la mazishi. Mimi naandika riwaya, kazi ambayo watu wa kwetu Khwisero wanaamini inaweza kufanywa popote penye meza, kwa hiyo ilikubaliwa bila mjadala kwamba mimi ndiye nibaki, nyumba isikae bila moshi. Nilikifunga chumba changu cha kupanga mjini Kakamega, nikaja na madaftari mawili na sweta. Kwa siku nyingi sikuandika hata sentensi. Nilikaa verandani nikiitazama mvua ya alasiri inavyokuja, kwanza upepo, kisha giza, kisha mlio juu ya mabati unaomeza kila kitu. Mbwa alikaa kwenye mvua akitazama lango.

Siku ya tatu baada ya kuzika ilikuwa siku ya kunyoa. Kwetu, siku hiyo ndugu hukaa kwenye nyasi, nywele zikanyolewa, na vitu vya marehemu vikagawiwa. Redio ilikwenda kwa mpwa. Panga na jembe zilikwenda kwa binamu. Koti, lile koti zito la sufu la rangi ya majani makavu ambalo baba alilinunua kwenye mitumba ya Kakamega na kulivaa kila alfajiri akienda kukama, lilitolewa kwenye msumari nyuma ya mlango likapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa baba mdogo, ndugu yake wa pekee aliyebaki. Alilivaa pale pale. Mikono ilimfika sawasawa.

"Limekukaa," akasema senje, dada yao mkubwa, huku anapangusa machozi kwa pindo la leso. "Ukigeuka hivyo, unaweza kudhani ni yeye."

Watu wakaguna kukubali. Mimi sikulia siku ile, na najua lilisemwa. Niliketi nikiwa nimenyoosha uso kama shuka. Kilichobaki bila mwenyewe kilikuwa gambuti za baba, buti za mpira zenye kiraka cha tairi kisiginoni. Hakuna aliyezitaka. Zilikaa nyuma ya mlango wa jikoni.

Na mbwa, wakati wote huo, alikuwa amefungwa kwenye mpera nyuma ya nyumba, asije akasumbua wageni.

*

Nilidhani mbwa amenipenda. Nasema wazi kwa sababu ndipo kosa langu lilipoanzia. Kuanzia wiki ya pili alinifuata. Nikienda kisimani, yupo. Nikienda kwenye kunde, yupo. Nikiinama kumgusa, alivuta midomo nyuma hadi meno ya pembeni yakaonekana, akapiga miayo, akalamba pua, akatikisa mkia chini chini.

"Ona," senje aliniambia siku moja aliponiletea ndizi, "inakuchekea. Mbwa ikikuchekea hivyo, umepata ndugu."

"Kweli, senje?"

"Ee. Hata baba yako ilikuwa inamchekeanga."

Nililala na maneno hayo kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nilikuwa sijazungumza na mtu kwa siku nne isipokuwa mwenye duka la unga, na hapa palikuwa na kiumbe anayenichekea. Asubuhi nilimwambia mambo. Nilimsomea hata ile sura ya kwanza ya riwaya yangu. Alipiga miayo, na mimi nikacheka peke yangu.

Basi jioni moja baba mdogo alipita kuangalia ng'ombe, kama alivyozoea. Boma lake liko ng'ambo ya ua wa miti ya misiyola, na kwa miaka yote mbwa alimjua. Alikuwa akimpita tu, mkia ukipunga mara moja, basi. Jioni ile kulikuwa na baridi. Baba mdogo alikuja amevaa lile koti la baba.

Nilikuwa nachambua mboga verandani. Nilimwona mbwa akiinua kichwa kutoka kwenye miguu yake ya mbele, kisha nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nilipofika. Mwili wote ulilegea. Masikio yalilala nyuma hadi kichwa kikawa cha duara kama cha mtoto wa mbwa, macho yakawa madogo na laini, na mkia, ule mkia uliokuwa ukitikiswa kwangu chini chini, sasa ulizunguka mzima mzima ukivuta kiuno chote. Alikimbia huku analia sauti nyembamba. Alimfikia baba mdogo, akaingiza pua kwenye pindo la koti, kwenye mfuko, kwenye kwapa.

"Aa, toka! Hii mbwa imelewa ama ni nini?"

Ilikuwa sauti ya baba mdogo. Mbwa aliinua macho. Kila kitu kikasimama. Masikio yalikuja mbele, paji la uso likakunjana, mdomo ukajifunga, na mkia ukainuka juu ukawa mgumu kama fimbo, ncha tu ikitetemeka. Kisha akashika mkono wa koti kwa meno akauvuta, akauvuta, mpaka mshono wa begani ukaachia.

Sikuingilia. Nilikuwa nimeduwaa na kisu mkononi. Baba mdogo alipiga kelele, akampiga teke, akajinyofoa, akarudi nyuma hadi langoni.

"Imegeuka!" alisema, akihema. "Umeona? Ilikuja inatikisa mkia, alafu ikaniruka. Hiyo ni kichaa."

*

Daktari wa mifugo alikuja kesho yake kwa pikipiki. Alimkagua baba mdogo mkono kwanza, akageuza geuza, akatafuta mkwaruzo. Hapakuwa na mkwaruzo. Meno yalikuwa yameishia kwenye sufu. Aliuliza kadi ya chanjo. Niliikuta ndani ya Biblia ya baba, imekunjwa mara nne.

"Amechanjwa," alisema. "Lakini tusicheze. Mfunge, mtazame siku kumi. Uso wake, mwendo wake, anavyokula, anavyomeza. Ukiona mate, ukiona anayumba, au anashindwa kunywa, unipigie na usimkaribie."

"Na kama hatabadilika?"

"Basi si kichaa. Kuna kitu kingine." Alivaa kofia yake ya pikipiki. "Hicho mimi siwezi kukipima kwa sindano."

Baba mdogo alikuwa amesimama kando, mikono ndani ya mifuko ya koti lililochanika. Alisubiri pikipiki iishie barabarani.

"Mama," aliniambia, wazee wa kwetu humwita binti hivyo, kwa heshima na kwa kubembeleza pia. "Mimi sina ubaya na hii mbwa. Lakini wajukuu wangu wanapita hapa kwenda shule. Siku kumi zikiisha na hujaniambia shida yake ni gani, nitaleta mtu."

Sikuuliza mtu wa kufanya nini. Huku kwetu kila mtu anajua mwenye kamba ya kunyongea mbwa.

Hivyo nikawa na siku kumi, na kazi moja: kumtazama mbwa usoni.

Nilimfunga kwenye mpera, mnyororo mrefu, sufuria ya maji upande mmoja na gunia kavu upande mwingine. Niliketi kwenye kigoda mbali kidogo na daftari langu, lile lililoletwa kwa ajili ya riwaya. Nikaandika nilichokiona badala ya nilichokitaka. Nilidhani hilo ni jambo dogo. Siku ya kwanza niliandika "ana huzuni" nikafuta, kwa sababu huzuni ilikuwa yangu. Mbwa alikuwa amelala tu. Nikaandika: kidevu chini, macho wazi, nyusi zinapanda kwa zamu, kushoto, kulia.

Siku ya pili nilijua kwamba hapigi miayo akiwa na usingizi. Akiwa na usingizi hufumba macho tu. Miayo ilikuja kila niliposogeza kigoda karibu. Nikakirudisha nyuma, ikakoma. Nikakisogeza tena, akapiga miayo, akalamba pua mara mbili, akageuza uso pembeni huku jicho likibaki kwangu, weupe wake ukionekana ukingoni kama ukucha wa mwezi.

Ilinichukua asubuhi nzima kukubali nilichokuwa nakisoma. Hakuwa akinichekea. Hakuwahi kunichekea. Midomo ile iliyovutwa nyuma, ulimi ule puani, mkia ule wa chini chini: alikuwa akiniomba, kwa adabu yote ya mbwa, nisogee mbali kidogo. Nilikuwa mgeni mwenye sauti kubwa aliyelala kwenye nyumba ya mtu wake. Alinifuata kisimani na kwenye kunde kwa sababu nilikuwa nimetoka ndani ya ule mlango, na huenda siku moja ningempeleka aliko mwenyewe.

Nilifunga daftari nikaingia ndani. Sikutoka mpaka jioni.

Siku ya nne, ya tano, ya sita, mvua. Alikula vizuri, alikunywa. Senje alipita akiwa amejifunika karatasi ya nailoni kichwani, akanikuta kwenye kigoda chini ya mwavuli, nimetazamana na mbwa.

"Mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwetu, "watu wakiniuliza unafanyanga kazi gani, nitawaambia nini sasa?"

"Waambie nasoma."

"Unasoma mbwa." Alitikisa kichwa. "Na inasema nini?"

"Bado haijasema."

"Itasema siku ya mtihani." Lakini aliketi nami kidogo, mabega yetu yakigusana chini ya mwavuli, kabla ya kwenda zake. Nakumbuka joto la lile bega.

Siku ya saba uwanja ulikuwa tope tupu. Viatu vyangu vya mjini vilikuwa vimeshakufa. Nikachukua gambuti za baba nyuma ya mlango wa jikoni, nikaingiza miguu, nikatoka na ugali.

Mbwa aliinua kichwa.

Masikio yalilala. Kichwa kikawa cha duara. Kile kilio chembamba kikatoka, na mkia ukaanza kuzunguka mzima mzima. Sufuria ilinitoka mkononi. Kwa muda mfupi mno, mfupi kuliko kuvuta pumzi, nilipokelewa kama mtu aliyesubiriwa. Alikuja hadi mnyororo ukakaza, akanusa buti la kulia, kisigino, kiraka cha tairi, akanusa la kushoto, akapanda na pua juu ya goti, akafika mahali harufu ya baba inapokwisha na yangu inapoanzia.

Akainua macho.

Masikio mbele. Paji likakunjana. Mdomo ukafungwa. Mkia juu, mgumu, ncha ikitetemeka. Nilikuwa karibu naye kuliko baba mdogo alivyokuwa, na nilikuwa na siku saba za kutazama, kwa hiyo safari hii niliuona uso wenyewe kabla woga haujaniambia ni wa nini. Uzito wake ulikuwa mbele, lakini mguu mmoja wa mbele ulikuwa umeinuliwa, umening'inia, kama wa mtu aliyesita mlangoni. Hakunguruma. Alinitazama mimi, akatazama buti, akanitazama mimi. Kisha akalishika buti kwenye ukingo wa juu, taratibu, akalivuta.

Hakutaka kuniuma. Alitaka nitoke ndani ya buti, baba apate nafasi.

Nilivua buti moja, nikavua la pili, nikasimama pekupeku kwenye tope. Akachungulia ndani ya kila moja. Akaingiza kichwa hadi machoni. Akakitoa, akajikung'uta mwili mzima kama aliyeloa, ingawa mvua ilikuwa imekatika, akarudi kwenye gunia.

*

Nilimwendea baba mdogo jioni ile ile. Alikuwa ameketi jikoni kwake kando ya moto, koti begani, mkono uliochanika ukiwa umeshonwa kwa uzi mweupe. Nilimweleza yote, buti, koti, uso.

"Kwa hivyo mbwa ndiyo itanipangia nguo," alisema.

"Siyo nguo, baba mdogo. Ni harufu. Linanuka baba."

"Najua linanuka baba yako." Alichochea moto. "Unafikiri kwa nini silifui?"

Alivuta kola ya koti hadi puani, bila aibu, kama mtu anayejifunika baridi, akakaa hivyo.

"Tulilala kitanda kimoja mpaka akaoa," alisema ndani ya sufu. "Asubuhi nikilivaa, kabla sijaamka vizuri, ni kama ako hapo. Ni dakika moja tu. Alafu inapotea." Aliachia kola. "Hata hiyo mbwa inapata dakika moja tu?"

"Dakika moja tu."

"Alafu inaona ni mimi."

"Alafu inaona ni wewe."

Alicheka, na kicheko kiliishia vibaya. Moto ulilia. Nilijua ninachopaswa kusema na sikutaka kukisema, kwa maana nilikuwa nimekaa upande ule wa moshi unaopeperushia harufu usoni mwangu: maziwa, moshi wa kuni, sabuni ya kipande, jasho la mtu mmoja. Tangu mazishi sikuwa nimelisogelea lile koti. Sikuwa nimelia.

"Likifuliwa," nilisema, "mbwa hatamnusa baba ndani yake tena."

Baba mdogo alilivua, akalikunja mikono ndani, akaniwekea magotini.

"Fua wewe," alisema. "Mimi siwezi."

*

Nililifua siku ya nane, asubuhi, kwenye karai kubwa, nyuma ya nyumba, mbwa akiniona. Kabla ya kulitia majini niliingiza uso ndani yake nikakaa. Sitaandika zaidi kuhusu hilo, isipokuwa kwamba nililia, kwa sauti, na mbwa alipiga miayo, akalamba pua, akageuza uso pembeni. Ningeweza kusema kwamba alikuwa akinifariji. Nilishajua kusoma. Kilio changu kilimsumbua, na mnyororo haukumruhusu kwenda mbali.

Maji ya kwanza yalitoka ya kahawia, ya pili ya kijivu. Nilisuuza hadi yakatoka meupe. Gambuti pia nilizisugua, ndani na nje. Koti nililianika kwenye kamba, siyo jikoni, maana moshi wa kuni ungerudisha nusu ya harufu ya baba. Alasiri nikaliingiza mvua isilikute, asubuhi nikalitoa tena. Siku ya tisa lilikuwa bado linadondosha maji mifukoni. Siku ya kumi, saa nane hivi, lilikauka.

Baba mdogo alikuja amevaa shati. Hakuwa ameleta mtu. Alilitoa koti kwenye kamba, akalikung'uta, akalivaa, na nikaona akivuta pumzi kwa pua, mara moja, kisha akaacha.

"Mfungue," alisema.

"Una hakika?"

"Mfungue, mama. Nikiumwa utaandika kitabu."

Nilifungua mnyororo. Mbwa alisimama, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma. Alimwona mtu mwenye koti. Nikatazama masikio, nikatazama paji la uso, nikatazama mkia, vyote kwa pamoja, na mkono wangu ulikuwa bado umeshika mnyororo mtupu.

Alitembea tu. Alifika, akanusa pindo, akanusa mfuko. Macho hayakuwa madogo wala laini. Masikio yalibaki mahali pake. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, umelegea. Akaupunga mkia mara moja, kushoto, kulia, kama alivyokuwa akimpungia baba mdogo miaka yote akija kuangalia ng'ombe.

Kisha akampita, akaelekea lango, akanusa nguzo. Nilingoja aketi pale kama kawaida yake, atazame barabara. Hakuketi. Alirudi taratibu hadi verandani, akazunguka mara mbili, akalala juu ya mbao, kidevu kwenye miguu, nyusi zimetulia.

"Amepona," baba mdogo alisema polepole.

"Ndiyo," nilisema.

Tulisimama pale uani, yeye ndani ya koti linalonuka sabuni ya unga, mimi pekupeku. Hakuna aliyetangulia kuondoka. Upande wa msitu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na baba mdogo, bila kunitazama, aliweka midomo sawa akajaribu mluzi: milio miwili mifupi, kisha mmoja mrefu. Ule wa mwisho ulimkatikia njiani.

Mbwa aligeuza sikio moja. Kichwa hakukigeuza.